Koti Lenye Jina Kifuani

Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani ananukia stoo. Si jasho, si manukato ya mwanamke, ni ile harufu ya nguo zilizofungiwa kwenye makasha miaka thelathini zikisubiri vita ambayo haikufika. Naijua vizuri kwa sababu kila jioni nilikuwa naikagua. Mke mwenye akili zake hunusa kola, basi. Mimi nilinusa kola, nikanusa mikono, nikapekua mifuko mpaka soksi, na sikuwahi kukuta kitu. Kutokukuta kitu ndiko kulikonihakikishia kwamba kitu kipo.

Duka alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa katikati ya Toronto, mwendo wa basi moja tu kutoka St. James Town, tulikokuwa tunaishi ghorofa ya kumi na saba. Waliuza nguo kuukuu za majeshi ya Ulaya: makoti ya kijani yenye kofia, suruali zenye mifuko mapajani, sweta za mabaharia, mabuti mazito kama matofali. Zamani, aliniambia, wateja walikuwa wawindaji, wapaka rangi na wazee waliotaka kitu cha kuzuia baridi kwa bei ndogo. Halafu, miaka ile simu za kugusa zilipoanza kuenea, vijana wa vyuo wakazigundua nguo zile. Wakazivalia suruali za kubana na skafu kubwa, na bei ikapanda mara tatu. Kwetu nguo hizo ni mitumba. Pale ziliitwa vintage, neno ambalo nilikuja kuelewa kwamba maana yake ni mitumba iliyokwisha kukubaliwa na wenye nazo.

Nilipolitembelea duka lile mara ya kwanza nilitaka kukimbia. Kwetu raia havai kombati. Mtaani kwetu Tanga kinyozi mmoja alinunua suruali ya mabaka mnadani, akakutana na wanajeshi wawili, wakamrusha kichura kutoka kibandani kwake mpaka barabara kuu, na suruali akaivulia hukohuko. Mume wangu ni mtu wa Singida, mpole, hapendi makuu, na hofu hiyo alivuka nayo bahari. Miaka yote alizikunja nguo zile, akazitundika, akaziuza, lakini yeye mwenyewe hakuvaa hata soksi ya dukani. Baridi yangu ya kwanza nilimwambia, "Chukua hata koti moja, utakuja kufa." Akanijibu, "Mke wangu, hayo magwanda ya watu niachie."

Kisha siku moja mwezi wa kumi akaingia ndani amevaa koti la kijani la jeshi, kifua mbele, kama aliyepandishwa cheo.

"Vipi tena?" nikamuuliza.

"Dada kasema linanipendeza."

Mimi nilisema baridi itamuua, hakusikia. Dada kasema linapendeza, kasikia. Nilipakua chakula, na kipande kikubwa cha samaki nikajiwekea mwenyewe.

Huyo Dada alikuwa binti wa mwenye duka. Mzee mwenyewe alikuwa Mwismailia aliyezaliwa Tanga kama mimi, akaondoka kijana, na sasa alikuwa na nyumba Mississauga, mji wa jirani, na alikuja dukani Jumamosi tu, akakaa karibu na mlango na chai yake. Binti alikuwa amezaliwa hukuhuku Canada. Kiswahili alikisikia kidogo, cha jikoni, na akijibu anachanganya na Kiingereza. Alikuwa amesoma biashara, akarudi kulishika duka la baba yake, akang'oa rafu za mabati, akaweka vioo virefu na muziki. Yeye ndiye aliyewaleta wale vijana wa skafu. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, hana mume, nywele mpaka mgongoni, na Mungu hakumnyima kitu chochote ambacho mimi ningependa anyimwe.

Kila Jumanne wawili hao walikwenda Mississauga kwa gari lake kufungua marobota kwenye ghala. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, wamefungiwa ndani ya gari, hita imewashwa. Mimi Jumanne hiyo niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nambadilishia bibi wa watu shuka, na akilini nimekaa kiti cha nyuma cha gari lile nasikiliza. Akirudi atanisimulia tu: leo tumepata makoti ya Wajerumani, Dada kacheka sana, Dada kasema hivi, Dada kasema vile. Mtu mwenye hatia hataji jina, najua. Lakini na mjanja naye anajua kwamba mwenye hatia hataji.

Nieleze nilikoanzia, nisionekane kichaa. Baada ya ndoa yetu alitangulia yeye kuja Canada, na ikapita miaka sita ndipo karatasi zangu zikakamilika. Miaka sita si siku sita. Nilipofika nilimkuta mume wangu yuleyule, sauti ileile, lakini anajua kuagiza kahawa kwa maneno manane na anacheka vichekesho vya redio ambavyo mimi sivielewi. Kila alichokijua na mimi sikijui nilikihesabu kuwa kuna mtu alimfundisha. Nikawa namtafuta mtu huyo. Dada alipojitokeza, nilishukuru, maana hatimaye adui alikuwa na sura.

Nilijaribu hata kushindana. Nilimwambia na mimi aniletee koti la jeshi, nipendeze. Akaniletea zuri, la kike, lina mkanda kiunoni, likanikaa sawasawa. Nikazunguka mbele ya kioo mara mbili, nimeanza kufurahi, ndipo aliposema Dada ndiye aliyenichagulia. Nikalivua palepale na kulitundika nyuma ya mlango wa bafu.

Sasa kuhusu majina. Makoti mengi ya jeshi huja na kitambaa chembamba kimeshonwa kifuani, kina jina la askari. Kazi ya mume wangu, kabla koti halijatundikwa, ilikuwa kufumua nyuzi za kitambaa hicho mpaka kitoke bila kuacha tundu. Dada aliamrisha majina yote yatoke. Mteja, alisema, anataka kuvaa koti, hataki kuvaa mtu. Mume wangu alinieleza jambo hilo mara nyingi, kwa fahari ya fundi, na vile vitambaa alikuwa havitupi, anavihifadhi kwenye kopo la biskuti kwa sababu aliona si adabu kutupa jina la mtu. Kwa hiyo mimi nilijua sheria ya duka: jina halibaki.

Na mimi ni mwanamke wa Tanga. Nimelelewa kwa kusoma wenzangu. Kwetu mwanamke akiwa na neno na wewe hakugongei mlango. Anajifunga kanga, anapita mbele yako taratibu, anakupa mgongo usome, na kama una jibu unakwenda kulitafuta dukani. Mama yangu alimaliza ugomvi wa miaka miwili na wifi yake bila kufungua mdomo, kwa kanga tatu. Mimi nilikuja Canada na doti kumi na mbili kwenye sanduku, zote zina majina makali, na sikupata wa kumvalia. Nani atakusoma ukiwa ndani ya koti zito, kwenye lifti, katikati ya watu ambao kwao kanga ni kitambaa cha maua?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja nilipita dukani kumchukua mume wangu twende sokoni. Duka limejaa. Dada akatokea upande wa vioo, amevaa koti la kijani lililopauka, kubwa, mikono imekunjwa. Kifuani, upande wa moyo, kuna kitambaa chenye herufi nne nyeusi.

WAKE.

Nilisoma mara ya pili. Halafu nikamtazama mume wangu, aliyekuwa juu ya ngazi anatundika masweta, na nikamtazama yeye. Wake. Si wangu tena, wake. Au yeye ndiye wake, mwanamke wake. Kila nilivyokigeuza kile kineno kilinichoma upande mwingine. Majina yote yalitolewa, kwa amri yake yeye, lakini hili limebaki, na limebaki kwa Kiswahili. Katika majeshi yote ya Ulaya, lipo jeshi linaloandika Kiswahili? Mwenye mkasi na sindano pale ndani ni nani? Mume wangu. Aliyemshonea ni nani basi?

Dada akaniona, akanipungia mkono, akatabasamu. Nikasema moyoni, na kutabasamu anatabasamu!

Sokoni nilinunua vitunguu nikavisahau kaunta. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Wiki nzima kichwa. Ningeweza kumuuliza, swali lenyewe halina maneno kumi. Lakini kwetu ukishavaliwa, huulizi, unajibu, na mimi nilikuwa nimesubiri miaka mitatu katika nchi ile mtu anisemeshe kwa lugha ninayoijua. Kusema kweli, chini ya uchungu ule kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Nilifungua sanduku nikazipekua doti zangu zote, nikachagua nyekundu yenye korosho nyeusi. ANA MWENYEWE, TAFUTA WAKO.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na theluji nyepesi. Nilivaa koti langu la baridi, na juu ya koti nikajifunga kanga kiunoni, maandishi yakae sawasawa kwa nyuma. Kwenye basi mtoto mmoja wa Kisomali alinitazama sana, akamnong'oneza mama yake. Sikujali.

Duka lilikuwa limejaa tena. Mume wangu yuko kwenye ngazi. Mzee yuko kwenye kiti chake na chai. Dada yuko katikati, na koti ni lilelile, na kitambaa ni kilekile. Nikampita taratibu, mwendo wa mama yangu, nikafika mbele ya meza ya mabuti, nikasimama nikampa mgongo. Nikashika buti moja nikajifanya natazama soli.

"I love this," akasema nyuma yangu. Nilisikia vidole vyake vinagusa pindo. "My grandma alikuwa nazo nyingi. Imeandika nini?"

Niligeuka. Uso wake haukuwa na hila hata kidogo, umejaa swali, macho yanangojea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, matusi, kilio, kicheko, hata kupigana. Sikuwa nimejiandaa kuombwa tafsiri.

Aliyejibu ni baba yake. Alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na amekwisha soma. Alimwambia binti yake kwa Kiingereza kwamba ni methali ya kwetu, inasema kila mtu na riziki yake. Binti akasema ni nzuri sana, akaitwa na mteja, akaenda. Mzee akanisogezea kiti.

"Kaa, mama."

Nikakaa.

"Baba yangu alikuwa na duka la kanga Tanga," akasema, kwa Kiswahili safi cha zamani ambacho sikujua kuwa anacho. "Akina mama wasiojua kusoma, mimi ndiye niliyekuwa nawasomea. Akija mwanamke anataka kumjibu jirani, ananiambia jirani kavaa nini, mimi namchagulia jibu. Kwa hiyo hii yako nimeielewa. Sasa nakuomba uniambie, ni jibu la neno gani?"

Watu walikuwa wanapita katikati yetu na makoti mikononi. Mume wangu alikuwa ameshaacha kutundika, anatutazama kutoka juu. Nilinyoosha macho tu kuelekea kifua cha binti yake.

Mzee akageuka akatazama. Nadhani koti lile alikuwa ameliona mara hamsini. Niliona midomo yake inasogea, inasoma kwa mara ya kwanza kwa lugha yetu, na niliona alipofika kwenye maana. Hakucheka. Nilikuwa natamani acheke.

"Mama," akasema polepole, "hilo ni jina la askari. La Kiingereza. Wao wanalitamka weiki."

Akaketi. Akawa anakitazama kikombe chake. Mimi nilikuwa nimemsoma binti wa mtu vibaya, ndani ya duka lake, mbele ya baba yake, na kwa bahati yangu mbaya nilikuwa nimempata mtu pekee katika jiji zima anayejua kusoma nilichoandika. Nikaifungua kanga, nikaikunja, nikatoka nayo kwapani.

Mume wangu alirudi jioni. Hakufoka, na bora angefoka. Alinieleza kama mtu anayejaza fomu. Dada ni mchelewaji. Ufunguo anao yeye, na kila asubuhi mume wangu alikuwa anamngojea nje kwenye baridi. Alipokutana na jina lile kwenye robota akalicheka, kwa sababu kwa Kiingereza ni kama kumwambia mtu amka. Akaliacha, akampa koti, akamwambia hili ni lako. Dada alicheka mpaka akakaa chini, na akakataa lisifumuliwe. Basi.

"Na hukuona kwamba ni Kiswahili?" nikamuuliza. "Herufi nne tu. Wewe, Mswahili mzima."

Alifikiri. Yeye ni mtu wa haki hata akiwa amekasirika.

"Sikuona," akasema. "Nikiwa kule nasoma kwa Kiingereza."

Wivu ni mnyama wa ajabu. Nilikuwa nimethibitishiwa kwamba hakuna mapenzi, hakuna usaliti, kuna kichekesho tu, na bado uliniuma, pengine zaidi. Mapenzi ningeyajua pa kuyashika. Kichekesho kile kilikuwa chao, na mimi nilihitaji kuelezwa.

Mume wangu hakurudi dukani. Mzee alimpigia simu mara tatu kumwambia yameisha, mambo ya wanawake hayo, aje. Binti naye alipiga, haelewi kitu, anauliza amemkosea nini. Mume wangu aliwashukuru wote kwa adabu. Nilimsihi na mimi, baada ya siku chache, akaniambia, "Nitamtazamaje yule mzee? Kila akiniona atakuwa anaisoma ile kanga." Mwezi haukuisha akapata kazi kwenye ghala kubwa la vifurushi huko Mississauga. Anapanda treni alfajiri. Kule kila mtu ana mstari wake wa njano sakafuni na vizuia kelele masikioni.

Sitadanganya, wiki za kwanza nilisherehekea. Mume wangu anarudi saa kumi na moja kamili, hana Jumanne, hana Dada, nguo zake hazinuki chochote. Nilipika pilau katikati ya wiki. Nilimkalisha mezani nikamtazama akila, wangu, mzima, hana wa kushirikiana naye. Nilimuuliza kazi ilikuwaje, akasema salama. Kesho yake nikamuuliza tena, akasema salama. Baridi ikaisha, majira yakabadilika, ikaja baridi nyingine, na bado ni salama. Koti la kijani hakulivaa tena, alinunua jeusi la kawaida kwenye duka kubwa.

Siku moja basi langu lilipita mbele ya duka lile. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu walikuwa wanaingiza marobota. Mwanaume mwingine, mtu mzima, Mfilipino nadhani, alikuwa juu ya ngazi, na Dada alikuwa chini amemshikia, na wote wawili walikuwa wanacheka kitu. Nilimwonea wivu yule mwanaume. Hakuna mwanamke aliyemwonea wivu mtu kwa niaba ya mumewe kama mimi siku ile. Nilitaka kushuka nikamwambie ashuke kwenye ngazi, ina mwenyewe.

Jumapili hiyo nilimwomba mume wangu msamaha, msamaha wa kweli, si ule wa mwanzo wa kilio na kujitetea. Tulikuwa tumemaliza kula. Nilimwambia nimeliona duka, nimemwona mtu aliye pale, na kwamba nilichofanya nilikifanya kwa wivu na si kwa sababu yeye alikosa kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, anazungusha glasi.

"Ungeniuliza tu," akasema.

"Ungenijibu nini?"

"Ningekwambia ukweli. Kwamba katika nchi hii yote, pale ndipo mahali pekee ambapo nilikuwa sijioni mgeni."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema salama, akasogeza kiti na kwenda dirishani kutazama magari.

Swali lilinijia mdomoni lenyewe: na hapa nyumbani, na mimi? Lilikuwa fupi kuliko lile la koti. Nilikusanya sahani, nikafungua maji, na sikumuuliza.